"Kaka, hii ni kweli?": jinsi ya kuhakikisha ulichotumiwa au ulichogugo kabla hujajaza, hujalipa wala kuforwadi

Nina steshenari hapa Morogoro. Natoa kopi, naprinti, naskani vyeti, nawasaidia watu kujaza maombi ya mkopo na ya kazi, na matokeo ya kidato cha sita yakishatoka tu mwezi wa saba foleni haiishi mpaka wa tisa. Lakini swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu kuprinti. Mtu anageuza simu ananionyesha, "kaka, hii ni kweli?" Tangazo la kazi, linki ya mkopo, video ya daktari wa TikTok, picha ya mafuriko. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niandike mara moja, mana ukitumiwa linki saa nne usiku mimi nimeshafunga na wewe unabaki peke yako na hiyo simu.

Mwaka jana mwezi wa sita alikuja dada mmoja na mama yake, vyeti wamevifunga vizuri kwenye mfuko wa nailoni, wanataka niskani nivitume WhatsApp kwa mtu anayejiita afisa ajira. Nikaomba nione tangazo lenyewe. Lina nembo ya taifa, lina mhuri, lina sahihi ya wino wa bluu, na chini kabisa limeandikwa mwisho wa kutuma maombi ni tarehe 31 Juni. Juni ina siku 30. Nikamwonyesha mama, akahesabu miezi kwa vifundo vya vidole, akarudia tena, akanyamaza. Elfu 35 ya "fomu" walikuwa wameshatuma siku tatu nyuma. Na yule dada siyo kwamba hana akili, ana divisheni wani, ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumkalisha chini akamwonyesha hatua za kufuata.

Kwa hiyo hizi hapa. Ukikumbuka moja tu basi kumbuka hili: ukurasa hauwezi kujishuhudia wenyewe. Muuza nyanya hakwambii zimeoza, unauliza wa meza ya pili.

Kabla hujaanza, hakikisha una hivi

- Simu yenye brauza, Chrome au nyingine yoyote. Kompyuta siyo lazima, karibu yote ninayoeleza hapa nayafanya kwenye simu.
- Bando dogo tu. Kusoma maandishi hakuli MB kama video.
- Google Lens. Kwenye Android nyingi ipo tayari, ukibonyeza picha ndani ya Chrome ukashikilia kidogo utaiona.
- Sehemu ya kuandika, daftari au noti za kwenye simu.
- Dakika tano. Anayekwambia "mwisho leo saa sita usiku, nafasi zimebaki chache" hizo dakika tano ndo anazozitaka, asikuachie uwe nazo.

Hatua kwa hatua

1. Simama kwanza. Usibonyeze, usijaze, usitume kwa mtu. Jiangalie moyo wako ukoje, ukiona umefurahi ghafla au umekasirika ghafla au umeogopa, ujue hiyo posti imeshakushika pabaya. Alafu angalia imekufikiaje. WhatsApp inaweka mishale miwili kwenye ujumbe ambao umepita mikono mitano au zaidi, na tangu 2020 ujumbe wa hivyo hauruhusiwi kuforwadiwa isipokuwa kwa chati moja moja. Mishale miwili haimaanishi ni uongo. Inamaanisha aliyekutumia siye aliyeandika, kwa hiyo kumwuliza shangazi "una uhakika?" haikusaidii kitu, na yeye ameletewa kama wewe.

2. Iandike kwa sentensi moja. Nani kasema nini, lini, wapi. Mfano: "Serikali imetangaza nafasi za ualimu, mwisho wa maombi tarehe fulani, maombi yanatumwa kwa namba hii ya simu." Unaona ulivyoiandika hivyo imeshaanza kutoa harufu? Serikali inapokea vyeti kwa namba ya mtu binafsi tangu lini. Ukishindwa kupata "lini" au "nani", hilo tayari ni jibu nusu.

3. Gugo, lakini usimlishe Google jibu. Hapa nitakaa kidogo mana ndipo vijana wengi wanapopotea bila kujua. Alikuja dogo mmoja, baba yake ana sukari, kaona video kwamba maji ya bamia yanaponya kisukari. Nikamwambia tafuta. Akaandika: *bamia inaponya kisukari*. Yakaja makumi ya kurasa na video zinazosema inaponya, akaniangalia kama anasema si unaona. Nikamwambia sasa andika: *bamia kisukari utafiti*, alafu andika tena: *bamia na dawa za kisukari madhara*. Yakaja mambo mengine kabisa. Tafiti ndogo zipo zinazozungumzia bamia na sukari ya damu, ila kuponya ni neno jingine, na hakuna sehemu ya maana inayomwambia mgonjwa aache dawa zake akanywe maji ya bamia. Google haikumdanganya yule dogo, alikuwa ameiuliza swali ambalo jibu lake limo ndani, ikamletea wanaokubaliana naye.

Kwa hiyo tafuta mara tatu kwa maneno tofauti. Mara moja bila upande wowote, mara moja na neno "utapeli" au "uongo" au "madhara", na mara moja kwa Kiingereza kama unakiweza hata kidogo, hasa mambo ya afya, mana kwa Kiswahili bado yaliyoandikwa vizuri ni machache. Alafu jifunze hivi vitu vitatu, vinatosha maisha yako yote ya kugugo:

- Weka maneno ndani ya alama za kunukuu ukitaka yaje yalivyo. Chukua sentensi moja ya ajabu kutoka kwenye ujumbe, ibandike na alama zake. Kama ni utapeli wa zamani utaikuta hiyo hiyo ilishasambaa mwaka juzi, wamebadilisha tarehe tu.
- Andika *site:go.tz* ukifuatisha na unachotafuta, bila kuacha nafasi baada ya nukta mbili. Mfano *site:ajira.go.tz kuitwa kwenye usaili*. Hapo unaletewa yaliyo ndani ya tovuti hiyo peke yake.
- Andika *after:2025-01-01* mwishoni ukitaka vya karibuni tu.

Kosa la kawaida: kubonyeza cha kwanza kabisa kilichotokea. Cha kwanza saa ingine ni tangazo la kulipiwa, kuna kineno kidogo juu yake kinasema hivyo, watu hawakisomi. Shuka, soma vichwa vyote vya ukurasa wa kwanza kabla hujabonyeza chochote.

4. Soma anwani kwa kurudi nyuma. Tafuta mkwaju (alama hii: /) mmoja wa kwanza baada ya ile *https://*, alafu soma kurudi kushoto. Kilichokaa karibu kabisa na huo mkwaju ndo mwenye nyumba. Mfano huu nimeutunga: *heslb.go.tz.jaza-fomu-sasa.com/mkopo*. Mtu anaona heslb.go.tz pale mbele anatulia. Mwenye nyumba hapo ni *jaza-fomu-sasa.com*, hayo mengine ya mbele ni mapambo, mtu yeyote anaweza kuyaweka. Bodi ya Mikopo yenyewe inaishia *heslb.go.tz* kisha mkwaju au hamna kitu.

Kwa Tanzania .go.tz ni ya serikali, .ac.tz ni ya vyuo na taasisi za elimu. Walioko Kenya ni .go.ke na .ac.ke, Uganda .go.ug. Wakati .com, .net, .xyz na hata .co.tz anaweza kununua mtu yeyote mwenye hela kidogo, siyo kwamba ni mbaya, ila hazikuthibitishii kitu.

Na ile kufuli ndogo ambayo baadhi ya brauza zinaionyesha kwenye anwani, naomba hili lieleweke: kufuli haina maana kwamba tovuti ni ya kweli. Ina maana mazungumzo kati ya simu yako na hiyo tovuti hayasomwi na mtu wa katikati. Tapeli naye ana kufuli.

5. Toka nje ya ukurasa. Hii ndo hatua yenyewe, zingine zote zinaizunguka. Watu wengi wakitaka kujua tovuti ni ya kweli wanabaki humo humo ndani, wanaangalia nembo, rangi, Kiswahili kimenyooka au hakijanyooka, sehemu ya "kuhusu sisi". Hivyo vyote kaviandaa yeye. Fungua dirisha jipya, andika jina la hiyo tovuti au taasisi au huyo daktari, ongeza neno kama "utapeli" au "ni nani", usome wengine wanamsemaje.

Walikuwepo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, Sam Wineburg na Sarah McGrew, kwenye utafiti walioutoa 2017 walichukua watu 45: wanahistoria 10 wenye uzamivu, wahakiki habari 10 wa kazi hiyo, na wanafunzi 25 wa chuo hicho hicho, wakawapa tovuti wazipime. Wanahistoria na wanafunzi walikaa ndani ya tovuti wakisoma kutoka juu kwenda chini, na wengi wakadanganyika na nembo na majina yanayofanana na taasisi kubwa. Wahakiki walitoka nje haraka wakafungua madirisha mengine, wakafika kwenye jibu sahihi kwa muda mfupi zaidi. Maprofesa hao. Kwa hiyo usijione mshamba, ni namna ya kusoma tu, na inafundishika.

TikTok ni vile vile. Bonyeza jina la aliyeposti, shuka uone video zake za nyuma. Akaunti ambayo miezi mitatu iliyopita ilikuwa inauza wigi na leo ni daktari bingwa wa figo, sina haja ya kuongeza neno. Alafu wingi wa laiki na komenti za "imenisaidia sana Mungu akubariki" hauhesabiki kabisa, hizo zinanunuliwa.

6. Nenda kwa mwenye jambo. Kila jambo lina mwenyewe. Matokeo ya mitihani ni NECTA, necta.go.tz. Mkopo wa chuo ni HESLB. Kazi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira zinatangazwa kwenye ajira.go.tz na kuomba ni kwenye Ajira Portal, portal.ajira.go.tz, kuomba ni bure. Chuo kikuu kama kinatambulika uliza TCU, vyuo vya kati NACTVET, wale wa zamani NACTE. Dawa na vifaa tiba TMDA, vipodozi TBS. Mvua na vimbunga TMA, wakati wa kimbunga Hidaya Mei 2024 taarifa zao ndo zilikuwa za kufuata, siyo voisi noti ya mtu asiyejulikana. Mikopo ya kwenye simu ni Benki Kuu, Novemba 2024 walitoa orodha ya aplikesheni 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni, na mpaka leo nakutana na watu wanadaiwa na kutukaniwa mpaka wakwe zao.

Anwani iandike mwenyewe kwa mkono wako. Usifike kwa NECTA kwa kupitia linki uliyotumiwa kwenye grupu.

Jambo la hela: malipo ya serikali yanakwenda kwa kontrol namba, na unapolipa jina la taasisi linatokea. Ukiambiwa tuma kwa namba ya simu, jina linatokea la mtu, acha hapo hapo.

Kama ni habari inayozungumzwa na kila mtu, angalia kama wahakiki wameshaifanyia kazi: Nukta Fakti na JamiiCheck kwa hapa kwetu, PesaCheck ya Nairobi, Africa Check. Andika dai lako pamoja na jina la mmoja wao kwenye Google.

7. Picha na video, tafuta ilikozaliwa. Picha ihifadhi au piga skrinishoti, ifungue na Google Lens. Kuna na tineye.com, ile inakuruhusu kupanga matokeo uanze na ya zamani zaidi, na kwa kazi yetu ya zamani zaidi ndo tunayoitaka. Video isimamishe sehemu inayoonekana vizuri, piga skrinishoti mbili tatu za sehemu tofauti, kila moja ipeleke Lens.

Alafu tumia macho. Mvua za 2024 kwenye grupu letu la mtaa ilirushwa picha ya Jangwani imejaa maji, "Dar sasa hivi". Watu wana ndugu Magomeni, wakaanza kupiga simu wanalia. Nikaikuza. Barabara ya Morogoro imeonekana vizuri tu lakini hamna njia ya mwendokasi, hamna kituo, na mabasi ya mwendokasi yameanza kubeba abiria 2016. Kwa hiyo picha ni ya kabla ya hapo. Lens ikanipeleka kwenye mafuriko ya Desemba 2011. Mafuriko yalikuwa ya kweli, watu kweli waliteseka, ila siyo ya siku hiyo, na hii ndo aina ya uongo iliyojaa zaidi, kitu cha kweli kimehamishwa siku au mahali.

Vya kuangalia: namba za magari (za Bara zinaanza na T, Zanzibar Z, Kenya K), magari yanapita upande gani, kama ni kulia basi siyo Tanzania, Kenya wala Uganda, vibao vya maduka, mashati ya shule, lugha wanayoongea nyuma ya video. Ule muziki waliouweka juu ya video usiufuate, sikiliza watu.

8. AI itumie kama mtu wa kukuelekeza njia. Najua wengi sa hivi hawagugo tena, wanauliza ChatGPT. Sikatazi, natumia, inasaidia sana kukuelezea kitu kigumu kwa lugha nyepesi au kukupa maneno ya kutafutia. Ila inaweza kukuandikia kifungu cha sheria ambacho hakipo au kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, na inaandika kwa utulivu ule ule. Tarehe za mwisho, ada, sifa za kujiunga, dozi ya dawa, hivyo usivichukue humo, nenda hatua ya 6. Ukitaka kujionea, iulize kuhusu shule yako ya sekondari, mwaka ilipoanzishwa na walimu wakuu waliopita, alafu linganisha na unachokijua.

9. Amua, uandike. Usilazimishe kila kitu kiwe kweli au uongo. Mimi nina mafungu matatu: nimethibitisha, nimekanusha, sijapata. La tatu ndo kubwa zaidi na watu hawalipendi. Kitu kikiwa fungu la tatu hakiforwadiwi na hakilipiwi, kinasubiri. Andika umekikuta wapi na siku gani, kwa sababu kurasa zinafutwa.

Ukikwama

*Lens haijaleta kitu.* Kata picha ubaki na sehemu moja tu, jengo au kibao, ujaribu tena. Ikigoma geuza, mana wengine wanaipindua kushoto kulia ili isikamatike.

*Tovuti ya serikali haifunguki.* Siku ya matokeo inazidiwa, hilo ni la kawaida. Subiri, jaribu alfajiri. Usikimbilie tovuti nyingine inayokutaka uweke namba ya NIDA ili "ikuonyeshe matokeo", namba ya NIDA haihitajiki kuangalia matokeo.

*Vyanzo viwili vya kuaminika vinapingana.* Angalia tarehe kwanza, mara nyingi kimoja ni cha zamani. Kama tarehe zinafanana, fuata aliye karibu zaidi na jambo lenyewe.

*Nimetumiwa skrinishoti tu, haina linki.* Skrinishoti ya gazeti au ya akaunti ya kiongozi inatengenezwa kwa dakika mbili. Nenda kwenye akaunti yenyewe uitafute. Usipoiona, andika maneno yake ndani ya alama za kunukuu.

*Aliyetuma ni mzazi au mtu mzima.* Usimjibu kwenye grupu mbele ya watu. Mfuate inbox, "shikamoo mama mdogo, ile taarifa niliifuatilia nikakuta hivi", weka linki, mwachie aifute mwenyewe. Nimeona wakifuta. Ukimwumbua mbele ya mashemeji atang'ang'ania mpaka mwisho.

*Nimeshajaza taarifa zangu.* Badilisha nywila, hasa kama unatumia hiyo hiyo sehemu nyingi. Kama ulitoa namba ya NIDA piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako, ukikuta usiyoijua nenda kwa mtandao husika ifungwe.

*Nimeshatuma hela.* Pigia huduma kwa wateja ya mtandao wako muda huo huo, namba 100, waombe wazuie muamala, na namba ya tapeli itume kwenda 15040. Usisubiri kesho wala usianze kubembelezana na aliyekuibia, mana wanatoa hela ndani ya dakika chache. Yule dada na mama yake waliposimama kaunta kwangu zilikuwa zimepita siku tatu. Tulipiga simu tukaambiwa ile akaunti haina kitu.